Mashine ya Mvuke na Nyayo za Baba

Naomba msamaha mapema. Mwandiko wangu umeinama kama mtu anayepanda mlima, na nikijaribu kuandika haraka herufi zinakanyagana. Niliishia darasa la nane, na tangu hapo kalamu nimeishika zaidi kuandika majina ya wateja kwenye kapeti zao ili zisichanganyike. Ukipata neno limekaa vibaya, lisome tu vile lingetaka kuwa.

Jambo lenyewe lilinirudia juzi hapa Shirere, pembeni mwa mji wa Kakamega, mahali ninapofanya kazi ya kuosha kapeti za wanafunzi wanaopanga vyumba. Msichana mmoja alileta kapeti ya manyoya ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Niliipitishia mashine, nikafungua tangi la maji machafu, na ile harufu ikatoka. Kila anayefanya kazi hii anaijua: vumbi lililochemshwa, soksi, chai ya maziwa, na kitu kama mbwa aliyenyeshewa. Mwenzangu aligeuza uso. Mimi nilibaki nimesimama na tangi mkononi, nikicheka peke yangu.

"Unacheka nini?" akaniuliza.

"Hakuna."

Huwa siwezi kueleza kitu kirefu kwa mdomo. Maneno yanafika kwenye meno yanarudi. Ndiyo maana naandika, hata kama naandika polepole.

Nyumbani kwetu ni upande wa Iguhu. Tulikuwa na nyumba ya mabati yenye sebule na vyumba viwili, na ndani ya sebule tulikuwa na kapeti ambayo Baba alinunua alipokuwa bado anaendesha lori la miwa kule Mumias. Ilikuwa ya maruni, yenye maua ya rangi ya haradali, na ilifika ukuta hadi ukuta. Mama aliipenda na ilimtesa. Kwetu mvua hunyesha kila siku baada ya chakula cha mchana kama mtu aliyeandikwa kazi. Ukitaka kuosha kapeti kubwa unaita kina mama wanne, mnaitoa nje, mnaisugua na ufagio na sabuni ya unga, mnaitundika kwenye ua. Saa nane inanyeshewa. Kesho yake saa nane inanyeshewa tena. Inarudi ndani baada ya siku nne ikiwa nzito kuliko ilivyotoka. Wakati mmoja uyoga uliota kwenye kona yake, karibu na kabati, na Kukhu aliinama akautazama kwa muda mrefu kuona kama ni ule unaoliwa.

Kukhu ni mama yake Baba. Mimi na yeye tulilala kitanda kimoja.

Kina mama wa kanisa letu walikuwa na kikundi, na walinunuliana vitu vya nyumba kwa zamu. Mmoja alipata godoro, mwingine tangi la maji ya mvua. Zamu ya Mama ilipofika walikuja kwetu kunywa chai na kumuuliza anataka nini. Mama akasema anataka mashine ya mvuke ya kusafisha kapeti.

Mwenyekiti wao alikuwa jirani yetu, Mama Risper, mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Aliweka kikombe chini.

"Mashine ya kuosha chini? Na wewe sufuria zako zina mashimo?"

"Sufuria wageni hawakanyagi," Mama akasema.

"Na tangi?"

"Maji tunayo. Kapeti ndiyo haikaukangi."

Waliongea hadi chai ikapoa, lakini zamu ni zamu. Jumamosi Mama alinichukua tukaenda Kakamega mjini kuchagua.

Asubuhi hiyo, kabla ya kutoka, nilimwona akisogeza kabati, akapiga magoti na kukata kipande cha kapeti kwa mkasi wake wa kushonea. Mama ni fundi wa nguo na anakata kitu chochote bila kupumua. Kipande kilikuwa kama daftari. Alikifunga kwenye gazeti akakitia kwenye kikapu. Sikuuliza. Nilidhani mjini kuna mahali unatoa kipande cha kapeti wanakupa mashine.

Muuzaji alikuwa kijana aliyevaa tai shingoni na patipati miguuni. Alituonyesha mashine mbili. Moja ilikuwa ndogo, na shingo kama ya bata, ikitoa mvuke tu. Ya pili ilikuwa kubwa, yenye magurudumu, brashi chini, na matangi mawili ya plastiki unayoona ndani.

"Hii ndogo ni bei rahisi," kijana akasema. "Inapuliza mvuke, wadudu wanakufa, harufu inaisha."

"Na uchafu unaenda wapi?"

"Uchafu unalainika."

"Nimeuliza unaenda wapi."

Kijana akarekebisha tai. "Utaupangusa na kitambaa, mama."

Mama akamwambia kupangusa anajua, hakuhitaji kupanda boda boda kuja kufundishwa. Ndipo yule akaleta ile kubwa. Akaeleza kwamba tangi la juu ni la maji safi, yanapata moto ndani, yanatoka na mvuke, brashi inasugua, halafu mdomo wa mbele unavuta kila kitu na kukipeleka tangi la nyuma. Akaeleza na mengine: usiweke sabuni ya kawaida kwa sababu povu litaziba, fagia kwanza, jaribu kwenye kona kuona kama rangi inatoka, usiende mbio, na ukimaliza fungua madirisha.

"Nikivuta, nitauona huo uchafu?" Mama akauliza.

"Utauona wote, mama. Tangi ni la kuona ndani."

Mama akafungua gazeti, akaweka kile kipande sakafuni. Kijana akakitazama, akatutazama sisi.

"Hii ni nini?"

"Ni kapeti yangu. Jaribu hapa."

"Mama, hii ni ya duka, haijauzwa..."

"Na haitauzwa kama hujaijaribu."

Akaijaribu. Kipande kiliruka-ruka kwa sababu kilikuwa chepesi, ikabidi Mama akikanyage upande mmoja na mimi upande mwingine. Mvuke ulinipanda hadi magotini. Mashine ilipita kati ya miguu yetu ikinguruma, na kwenye tangi la nyuma yakaingia maji meusi, mazito, kama uji wa wimbi. Mama aliinama akayatazama kama mtu anayetazama mtoto aliyezaliwa. "Hii," akasema. Tuliibeba nyumbani kwa boda boda, mimi katikati, mashine mgongoni mwangu, Mama nyuma akitushikilia sote wawili.

Sasa niseme kuhusu Baba, maana bila yeye hakuna hadithi. Kabla ya mashine kununuliwa, kazi ya Mumias iliisha, na rafiki yake akamwita Narok kuendesha trekta kwenye mashamba ya ngano. Siku aliyoondoka, Kukhu alikataza uwanja usifagiwe. Mtu akisafiri, hufagii nyuma yake siku hiyo, kwa sababu unafagia nyayo zake, na nyayo ndizo zinamvuta kurudi. Kwetu hilo ni jambo la kawaida. Mama alitabasamu, lakini hakugusa ufagio. Nakumbuka nikitazama alama za viatu vya Baba zikitoka mlangoni hadi kwenye lango, na kuku wakizikanyaga, nikawafukuza hadi jioni.

Alipiga simu kila Jumapili. Halafu ikafika Jumapili moja hakupiga, na nyingine, na nyingine. Ukimpigia, yule mwanamke wa simu anasema hapatikani. Mama alisema ni mtandao. Mama Risper alisema, akidhani sisikii, "Wanaume wakifika huko kwenye mashamba makubwa, wengine hupotelea huko huko." Nilijiuliza mtu mkubwa kama Baba anapoteaje. Nikaamua ni kusahau njia.

Siku ya kwanza ya mashine, Mama alifanya kama kijana alivyosema. Alifagia, akajaribu kwenye kona, akaanza polepole kutoka ukuta wa mbali akirudi nyuma kuelekea mlangoni. Kukhu alikaa kwenye kiti chake miguu juu ya stuli. Tangi la kwanza lilipojaa, Mama alilichomoa akamwonyesha kwa fahari.

"Mama, ona vile tumekuwa tukiishi."

Kukhu alivaa miwani. "Unaenda kumwaga wapi?"

"Hapo nje njiani."

"Mutiriki," Kukhu akasema. Alimwita Mama hivyo kwa sababu alizaliwa Tiriki, na sijawahi kumsikia akitumia jina lingine. "Hayo ni nyayo za watu wa hii nyumba. Unaweza kumwaga njiani kila mtu achote?"

"Mama, haya ni matope."

"Matope ya nani?"

 Kukhu akamwambia amwage kwenye migomba nyuma ya nyumba, ndani ya boma letu. Mama akacheka, akasema sawa, akanipa tangi nipeleke.

Mimi sikucheka. Nilisimama kwenye migomba na tangi zito tumboni, nikitazama maji yale. Kama uwanja haukufagiwa kwa sababu ya nyayo za Baba, basi nyayo zilizobaki zote ziko kwenye kapeti. Pale mbele ya kiti chake manyoya ya kapeti yalikuwa yamelala mahali pawili, umbo la miguu, kwa sababu alikaa vile vile kila jioni. Nilizoea kuweka miguu yangu humo. Na Mama alikuwa anaenda huko na mashine.

Nilimwaga tangi la kwanza, nikakimbia ndani, nikakaa pale pale chini mbele ya kiti cha Baba.

"Ondoka hapo," Mama akasema.

"Tumbo linauma."

"Liume ukiwa nje."

Sikuondoka. Mama alinizunguka. Alisafisha kushoto, akasafisha kulia, akabakisha kisiwa chenye mimi juu yake. Halafu akazima mashine, akanishika chini ya makwapa, akaniweka kwa Kukhu kama nguo iliyokunjwa. Akapita pale mara moja tu. Manyoya yaliyolala yakasimama yote. Huwezi kujua kama kuna mtu aliwahi kuweka mguu hapo.

Tangi hilo la pili sikulipeleka kwenye migomba. Nyuma ya jiko kulikuwa na mtungi wa plastiki wa lita tano uliokuwa wa mafuta ya kupikia. Niliyamimina humo maji ya Baba, nikaufunga, nikaupitisha dirishani na kuuficha chini ya kitanda chetu, nyuma ya sanduku la Kukhu. Nililala vizuri. Nilikuwa nimemweka Baba mahali salama.

Lakini kumweka chini ya kitanda hakutoshi, nikafikiri kesho yake darasani. Nyayo zinatakiwa kuwa mbele ya kiti. Kwa hivyo nikaanza kuzirudisha. Nilipokuja nyumbani mchana kula, Mama akiwa kazini na Kukhu amesinzia jikoni karibu na moto, nilichota kikombe kimoja kutoka mtungini na kukimwaga taratibu mahali pale, nusu mguu wa kushoto, nusu mguu wa kulia. Halafu nikarudi shuleni.

Jioni Mama aliona doa. Alitazama juu, akasema ni mabati yanavuja, akaweka beseni. Kesho yake nilisogeza beseni, nikamwaga, nikalirudisha. Mama alipoliinua alikuta beseni kavu na chini yake kapeti imelowa. Aliliinua mara tatu. Alilipiga kwa kidole kusikia kama lina tundu.

Akampigia yule kijana wa duka. "Mashine yako inarudisha uchafu," akamwambia. Kijana alikuja mwenyewe, na tai yake, akapiga magoti kwenye kapeti yetu.

"Mama, ulimwaga maji mengi. Kapeti ikilowa hadi chini, uchafu wa chini hupanda juu ikianza kukauka. Ukishapitisha na maji, pitisha tena mara mbili bila maji, ukivuta tu."

Hata leo nikifanya kazi namkumbuka, kwa sababu alisema ukweli mtupu. Ni kosa la kila mtu anayeanza: anafikiri maji mengi ndiyo usafi. Lakini kosa hilo halikuwa la Mama. Alivuta mara mbili bila maji, akavuta mara nne. Kapeti yote ikakauka ikanukia vizuri. Kesho jioni doa lilikuwa pale pale.

Wakati huo huo mtungi nao ulikuwa umeanza kusema. Maji yale yalikuwa na siku kadhaa, na chumba chetu kilipata harufu. Mama alidhani ni panya aliyekufa, akasogeza kila kitu isipokuwa sanduku la Kukhu, maana sanduku la Kukhu haliguswi. Paka wa jirani aliitwa, akaingia, akanusa, akatoka mwenyewe.

Asubuhi moja Kukhu alinivuta karibu. Alikuwa ameketi kitandani akiwa ameshika kanga yake puani.

"Mwana wanje, mwanangu, mimi ni mzee. Mzee hajisikii harufu. Niambie ukweli wala usiogope. Ni mimi?"

Ningeweza kusema ni panya. Ningeweza kunyamaza, na kunyamaza ndiyo kazi ninayoijua. Lakini nilifikiri akitafuta zaidi atapata mtungi, na Baba atamwagwa.

"Ni wewe kidogo," nikasema.

Kukhu alitikisa kichwa polepole. Tangu siku hiyo alioga asubuhi, akaoga mchana, akaoga jioni. Alijipaka mafuta ya mgando hadi kwenye masikio. Kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, yeye ambaye mahali pake palikuwa mbele miaka yote. Mtu akimkaribia kumsalimia alinyoosha mkono kutoka mbali. Nilimwona, lakini nilipofika nyumbani mchana nilichota kikombe changu kama kawaida.

Ilikuwa Kukhu pia aliyesema lile jambo. Jumamosi jioni Mama alikuwa amepiga magoti na kitambaa akisugua doa, na Kukhu akiwa mbali upande wa mlango kwa sababu ya harufu yake. Akasema, kama mtu anayejiambia, "Hapo ndipo mwanangu alikuwa anawekanga miguu."

Mama aliacha kusugua. Alitazama doa, na kweli yalikuwa mawili, moja kushoto na moja kulia. Aliinuka, akachukua simu, akampigia Baba. Hapatikani. Akaketi chini kwenye kapeti, yeye ambaye hakaangi chini, na kitambaa mkononi. Hakulia. Angelia ningeelewa. Aliuliza tu, "Mama, miguu inaweza kulowa ikiwa mtu ameanguka kwenye maji?" Na Kukhu akasema, "Nyamaza, Mutiriki." 

Jumapili baada ya ibada kina mama wa kikundi walikuja kuomba. Saa nane ilifika na mvua yake. Walivua viatu mlangoni, jozi kumi na kitu, wakapiga magoti wakizunguka kiti cha Baba na yale madoa. Nilikuwa nimeyalowesha vizuri mchana huo, kikombe na nusu, kwa sababu nilijua wageni wanakuja na nilitaka nyayo zionekane.

Nilisimama kwenye mlango wa chumbani. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo, na Mama Risper akaniona.

"Mtoto naye anataka kuomba. Njoo. Mungu huwasikiza watoto."

Alinivuta katikati. Wote wakafunga macho, wakangoja. Mvua ilipiga mabati. Nilitafuta maneno yote niliyoyajua, na yaliyotoka yalikuwa mawili.

"Bwana, samahani."

"Amina," wakasema, na hapo ndipo walipoanza kulia. Hata Mama. Mama Risper alinikumbatia kichwa kwenye kifua chake, akainua ile sauti yake juu ya mvua, akaomba yeye mwenyewe.

"Ee Bwana, huyu mtoto umemsikia. Kama baba yake yuko hai, umfungulie njia. Na kama hayuko, Bwana, kama hayuko..."

"Kama hayuko nani?" sauti ikauliza mlangoni.

Baba alikuwa amesimama nje ya kizingiti, gunia la viazi begani, maji yakimtiririka, gambuti zake zina matope hadi juu. Alikuwa ametazama jozi zote zile za viatu, halafu wanawake waliopiga magoti, halafu kiti chake.

"Nani amekufa?" akauliza.

Mama mmoja alipiga kelele akaingia chini ya meza ya chai. Mama Risper alisema amina, akasema tena, akaendelea kusema amina amina akirudi nyuma kwa magoti hadi kabati likamzuia. Mama alisimama. Nilidhani atakimbia kumkumbatia, lakini alimkaripia.

"Simu yako iko wapi?"

"Ilianguka, trekta ikaikanyaga. Namba zote zilikuwa humo. Nilimtuma mtu aje awaambie, hakufika?"

"Hakufika."

"Basi nimekuja mwenyewe." Akatazama miguu yake, akatazama kapeti, ambayo ilikuwa safi kuliko siku iliyonunuliwa, akaanza kuinama avue gambuti.

"Ingia," Mama akasema.

"Nina matope."

"Nimesema ingia nayo."

Akaingia nayo. Alipita juu ya maua ya haradali, hatua moja, hatua moja, akaacha udongo mwekundu wa njia yetu juu ya kazi yote ya mashine, na Mama akamtazama kila hatua bila kusema kitu. Akaketi kwenye kiti chake. Miguu ikaenda yenyewe mahali pake.

"Mbona hapa pamelowa?" akauliza.

 Kina mama walikuwa tayari wanatafuta viatu vyao. Mama alimuuliza kama amerudi kabisa, naye akasema amepewa ruhusa hadi baada ya Krismasi, halafu ngano inamngoja.

Kukhu aliburuta gunia la viazi hadi chumbani kwetu aliweke chini ya kitanda, nami nikamfuata kumzuia, lakini nilichelewa. Alisogeza sanduku lake mwenyewe. Nikasikia mtungi ukigonga sakafu. Aliutoa, akafungua kifuniko, akanusa, akarudisha kichwa nyuma. Akanitazama.

"Hii ni nini?"

Nikamwambia. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kusema, kuanzia kwa kuku waliokanyaga nyayo uwanjani hadi kikombe na nusu cha siku hiyo. Nilipomaliza nilikuwa nimeishiwa na pumzi. Kukhu aliketi kitandani na mtungi mapajani.

"Kwa hivyo si mimi," akasema.

"Si wewe."

"Uliniambia ni mimi kidogo."

"Ndiyo, Kukhu."

"Nimeoga majuma mawili kama bibi harusi. Ngozi imebaki karatasi." Akainua mkono wake akajinusa kwapani, bila haraka, akahakikisha na la pili. "Nimekaa benchi la mwisho na walevi."

Nilingoja kofi. Sebuleni Baba alikuwa anasimulia jambo la trekta, na Mama akicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku ile uwanja ulipokatazwa kufagiwa. Kukhu aligeuza sikio upande huo.  Halafu akatikisa mtungi karibu na sikio lake.

"Imebaki kiasi gani?"

"Nusu."

Akarudisha kifuniko, akakikaza kwa mikono yote miwili hadi mishipa ikamtoka, akafunga mfuko wa plastiki juu yake na kamba juu ya mfuko. Akausukuma mtungi chini ya kitanda, mbali kabisa, nyuma ya viazi.

"Atasafiri tena," akasema. "Na usimwambie Mutiriki."

Sijamwambia hadi leo. Nimewaandikia nyinyi kwanza, watu wa rika langu, kwa sababu naamini kuna nyumba nyingi ambazo mtu wake alikuwa mbali na mtoto akafanya kitu chini ya kitanda bila kuulizwa. Kama wewe ni mmoja wao, niandikie unieleze ulimwekea nini mtu wako, na kama alirudi. Usijali mwandiko. Mimi husoma polepole, kwa kidole, lakini barua yako nitaifikisha mwisho na nitaijibu.